Kampuni ikija na simu 20: jinsi ya kuongoza kikundi cha ramani huria bila kuuza usukani

Sanduku lilifunguliwa Jumamosi mchana katika ukumbi mdogo wa Kamalondo. Ndani mlikuwa na simu 20 mpya, betri za akiba, fulana na kofia. Tulipiga makofi, na mimi nilipiga kuliko wote, maana kwa miaka miwili tulikuwa tukichora Lubumbashi kwa simu zenye vioo vilivyopasuka na kwa mega za intaneti tulizochangishana. Miezi minne baadaye tukaitisha mkutano mkuu wa kuchagua kamati. Wakaingia watu 23 ambao hakuna aliyewahi kuwaona kwenye kazi. Wote walikuwa vibarua wa mkandarasi mmoja wa kampuni iliyoleta lile sanduku, na ada zao zote zilikuwa zimelipwa siku moja, kutoka namba moja ya simu. Statuti yetu, yaani katiba ya kikundi, ilisema kwamba aliyelipa ada ana kura. Hawakuvunja kanuni yoyote. Kanuni ndiyo iliyokuwa na tundu.

Mwongozo huu ni wa kuziba tundu hilo mapema. Nimewaandikia wenzangu wa Lushi (yaani Lubumbashi), Likasi, Kolwezi, Bukavu na Goma wenye kikundi kinachochora kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia ambayo yeyote anaweza kuichora, au wanaotaka kukianzisha, na ambao siku moja watapigiwa simu na kampuni ya usafirishaji, ya mawasiliano, ya madini, au na shirika la misaada. Ninayaweka mashirika ya misaada kwenye kapu moja na kampuni kwa makusudi. Mwenye bajeti, ratiba na bosi aliye mbali ana nguvu ileile, hata kama gari lake lina msalaba mlangoni.

Wala usidhani yaliyotupata ni ushamba wa Katanga. Novemba 2018, wiki chache kabla ya uchaguzi wa bodi ya OpenStreetMap Foundation, shirika lililosajiliwa Uingereza mwaka 2006 ili kuutegemeza mradi mzima, watu wapatao 100 walijiunga kwa mkupuo. Uchunguzi wa shirika lenyewe ulionyesha kwamba walitoka kampuni moja. Kama jambo hilo liliweza kuwafikia wenye wanasheria, litakufikia na wewe mwenye daftari na kalamu.

Kabla ya yote: jua kampuni inatafuta nini kwako

Watu wengi hudhani kampuni inakuja kununua ramani. Ramani haiuzwi. Tangu Septemba 2012 data za OpenStreetMap ziko chini ya leseni iitwayo ODbL: yeyote anaweza kuzitumia, hata kwa biashara, mradi ataje wachangiaji wake, na akitengeneza hifadhidata nyingine kutokana nazo na kuitoa kwa watu, aitoe kwa masharti hayohayo. Kwa hiyo kampuni haihitaji ruhusa yako, wala haihitaji kiti kwenye kamati yako, ili itumie barabara ulizochora.

Basi inataka nini? Kwa niliyoyaona, ni mambo matatu. Inataka kazi ianzie pale inapopahitaji yenyewe, yaani foleni ya kazi. Inataka watu wanaoujua mji, ambao kuwapata na kuwafundisha ni ghali. Na inataka jina: picha ya vijana wenye kofia zake wakichora kwa ajili ya jamii. Hayo mawili ya mwisho unaweza kuyajadili bila wasiwasi. Usukani wa kikundi ni lile la kwanza. Anayeamua kwamba mwezi huu tunachora barabara za malori na si bomba za maji za komini ya Katuba, huyo ndiye anayeongoza, hata kama jina lake haliko kwenye statuti.

Tena zipo zawadi zisizodai usukani. Mwaka 2010 Microsoft iliruhusu picha za angani za Bing zitumiwe kuchorea OpenStreetMap, na wachoraji wa dunia nzima wakafaidika. Na Lubumbashi ni miongoni mwa miji ya kwanza kupata faida ya msaada wa namna hiyo: mwaka 2014 Médecins Sans Frontières (Madaktari Wasio na Mipaka), waliokuwa wakipambana na kipindupindu hapa, walishirikiana na Humanitarian OpenStreetMap Team, shirika linalochora ramani kwa ajili ya misaada. Watu wa mbali wakachora barabara na majengo kwa kutazama picha za setilaiti, kisha wanafunzi wa hapa wakapita kwa miguu wakiandika majina ya avenyu. Mwishoni mwa mwaka huohuo ukazinduliwa mradi wa Missing Maps, wa kuchora maeneo ambayo hayajachorwa vya kutosha. Mkono mtupu haulambwi, na mimi si mtu wa kumfukuza mgeni mlangoni. Ninachosema ni kwamba mgeni aonyeshwe kiti chake kabla hajakaa.

Hatua ya 1: Daftari la maslahi

Anza na daftari, kabla ya pesa yoyote. Kila mjumbe wa kamati, na kila mwenye funguo za akaunti za kikundi, aandike ni nani aliyemlipa katika miezi 12 iliyopita: mshahara, kibarua, posho ya semina, hata simu aliyopewa. Hapa kwetu watu huona haya kuandika mambo hayo, kama vile ni kuungama. Kwa hiyo aanze mwenyekiti, na asome ukurasa wake kwa sauti.

Kanuni inayokwenda na daftari ni fupi: jambo linalomhusu aliyekulipa likifika mezani, unasema unachokijua, unajibu maswali, kisha unatoka nje wakati wa kuamua. PV, yaani kumbukumbu za mkutano, iandike saa uliyotoka na saa uliyorudi. Tulipoanza, ndugu mmoja alikasirika akasema tunamwita mwizi. Mama mmoja wa Katuba akamjibu kwamba hata hakimu hasikilizi kesi ya shemeji yake, na wala hakuna amwitaye mwizi. Yakaisha.

Hatua ya 2: Nani ana kura

Hapa ndipo tulipoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kuna njia tatu za kumpa mtu kura: pesa, uhusiano au kazi. Ada peke yake ni njia mbovu, kwa sababu mwenye pesa anaweza kuwalipia wengine. Uhusiano, yaani wanachama wa zamani kumkubali mpya, ni njia mbovu pia: baada ya miaka mitatu kikundi kinakuwa ukoo. Inabaki kazi, na kazi kwenye OpenStreetMap ina sifa nzuri, kwamba historia ya kila akaunti iko wazi kwa kila mtu. Huwezi kudanganya kwamba ulichora.

OpenStreetMap Foundation yenyewe hutoza ada ya kawaida ya pauni 15 kwa mwaka, lakini tangu 2020 mtu aliyechora angalau siku 42 katika mwaka anaweza kuingia bila kulipa. Angalia vizuri: zinahesabiwa siku, si idadi ya mabadiliko. Mtu anaweza kubonyeza "hifadhi" mara 500 usiku mmoja. Siku 42 haziwezi kununuliwa usiku mmoja.

Sisi tulichukua wazo, tukabadilisha namba. Mchoraji wa Ruashi ambaye umeme umekatika siku tatu mfululizo, na ambaye mega zake zinaliwa na WhatsApp ya familia, hafiki 42 kwa urahisi. Tukaweka siku 20 katika miezi 12. Na siku ya uwanjani inahesabiwa: ukipita Kampemba na karatasi ya ramani, ukaandika majina ya avenyu, ukairudisha karatasi ikiwa na tarehe na jina lako, hiyo ni siku, hata kama aliyeiingiza kwenye kompyuta ni mwingine. Bila kifungu hicho, kura zote zingekwenda kwa wenye kompyuta mpakato, na wenye miguu wangebaki watazamaji.

Je, siku za kulipwa zihesabiwe? Tulibishana wiki tatu. Wengine walisema kazi ni kazi. Mimi nilisema, na nasema bado, hapana: siku uliyolipwa kuchora imeshalipwa, na tukiihesabu tena tutakuwa tumempa mwajiri mashine ya kuzalisha kura. Lakini kibarua wa kampuni asifungiwe mlango. Anaporudi nyumbani akachora mtaa wake kwa akaunti yake mwenyewe, siku hiyo ni yake kama ya mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo anayelipwa awe na akaunti mbili, ya kazi na ya nafsi yake, na zote mbili zijulikane.

Mwisho, weka tarehe ya kufunga daftari la wapiga kura: siku 90 kabla ya mkutano mkuu, na orodha ibandikwe mahali pa wazi. Siku 30 hazitoshi. Mwenye mpango na pesa husubiri mwezi mmoja bila tabu.

Hatua ya 3: Viti na namna ya kuvihesabu

Bodi ya OpenStreetMap Foundation ina wajumbe saba, nasi tukachukua saba. Vifungu vitatu vinatosha.

Kwanza, wanaolipwa na mfuko mmoja wasizidi wawili. Nimesema mfuko, sikusema mwajiri. Wale 23 wangeapa mbele ya padri kwamba hawafanyi kazi kwenye kampuni ile, na wangekuwa wanasema kweli: walifanya kazi kwa mkandarasi wake. Fuata pesa hadi chimbuko lake. Mjumbe akipata kazi mpya katikati ya muhula, atangaze ndani ya siku 14, na kama ukomo umepitwa, aliyeingia mwisho ndiye anayepisha.

Pili, mwenyekiti na mweka hazina wasiwe watu wanaolipwa na mfadhili yeyote wa sasa wa kikundi. Tatu, muhula wa miaka miwili, mara mbili mfululizo, kisha pumziko.

Kuhusu kura, achaneni na "kila mtu aandike majina saba". Chukua mfano wetu: wapiga kura 60, kati yao 23 wana orodha moja ya majina saba, na 37 waliobaki wana mapendeleo yaliyotawanyika kwa watu 15. Majina ya wale 23 yatapata kura 23 kila moja. Ya wengine yatapata 15, 18, 20. Wachache wanachukua viti vyote saba, na hakuna aliyeiba.

Njia ya kupanga mapendeleo, ambayo Foundation huitumia, inazuia hilo. Kila mpiga kura anaandika 1 kwa anayempenda zaidi, 2 kwa anayefuata, na kuendelea. Kiwango cha kushinda ni kura zote kugawanywa kwa viti jumlisha kimoja, kisha kupanda hadi namba nzima inayofuata: 60 kwa 8 ni 7.5, kwa hiyo kura 8 ni kiti. Kura za ziada za aliyeshinda, na kura za aliyetolewa mkiani, huhamia kwa chaguo linalofuata. Wale 23 watapata viti viwili kwa hakika, pengine vitatu, si saba. Na ni haki wapate viwili, kama wana kura. Kuhesabu kunachukua muda kwenye ubao, lakini watoto wa shule wa avenyu yetu walielewa kabla ya baadhi ya wazee wetu.

Kama kikundi chenu ni asbl (shirika lisilo la faida), au kinaelekea huko, yote haya yaingie kwenye statuti zenyewe kabla ya kwenda kwa notari na kupeleka faili kwenye wizara ya sheria, kwa mujibu wa sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Statuti za hapa kwetu huwa zinatenganisha *membre effectif*, mwenye kura, na *membre d'honneur*, asiye nayo. Mahali pa kampuni ni hapo pa pili. Cheti kizuri, fremu, picha ya pamoja. Kura hapana.

Hatua ya 4: Pesa

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwanza ondoa pesa za kikundi kwenye namba ya simu ya mtu mmoja. Najua ni rahisi. Najua pia vikundi viwili vilivyokufa kwa sababu mweka hazina alifiwa, pesa zikaenda matangani, na hakuna aliyeweza kumlaumu. Fungueni akaunti yenye saini mbili.

Kisha weka ukomo: mfadhili mmoja asizidi theluthi moja ya mapato ya mwaka, na vitu vihesabiwe kama pesa. Simu 20 za dola 120 ni dola 2,400, si "zawadi ndogo". Utaniuliza: na mwaka wa kwanza, ambapo mfadhili ni huyo mmoja tu? Basi pokeeni, lakini msijenge juu yake gharama ya kudumu. Msipange nyumba kwa pesa zake, msimwajiri katibu kwa pesa zake. Nunueni mega, karatasi, nauli. Siku akiondoka, mtarudi kwenye chumba cha parokia au ukumbi wa komini, na kikundi kitaendelea.

Mkataba ukija kwa Kifaransa cha ofisini, usomwe wote kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya wanachama, kabla ya saini. Inachosha, lakini ndivyo tulivyokamata neno *exclusivité* (kufanya kazi nao peke yao) kwenye ukurasa wa nne, na *droit de regard* (haki ya kukagua) juu ya "mawasiliano yote ya kikundi" kwenye wa sita. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mwanasheria wao alikuwa amenakili mkataba wa matangazo ya bia. Tuliomba yafutwe, yakafutwa siku hiyohiyo.

Hatua ya 5: Transport, ile pesa ndogo inayoua vikundi

Watu hujadili viti vya kamati usiku kucha, kisha kikundi kinavunjwa na dola saba kwa siku.

Ilikuwa hivi. Mradi mmoja ulitulipa kwa wiki sita, dola saba kwa kila siku ya uwanjani. Ukaisha. Jumamosi iliyofuata tulikuwa watu wanne, hapo kabla tulikuwa 30. Nilikasirika, nikawaita vijana wapenda pesa. Kijana mmoja akaniambia, kwa upole tu: "Yaya, mwezi uliopita siku yangu ilikuwa na bei. Leo unaniambia haina bei. Ni wewe uliyebadilika, si mimi." Sikuwa na jibu.

Tangu hapo tunatenganisha vitu vitatu ambavyo hapa mjini vyote huitwa "transport" au "motivation". Nauli ni kurudishiwa ulichomlipa manseba, dereva wa pikipiki, kwa umbali, sawa kwa kila mtu, na hutoka kwenye kisanduku cha pamoja, kamwe si mkononi mwa mfadhili. Chakula ni bukari (ugali) na samaki kwa wote waliokuja, awe aliyechora nyumba 200 au aliyechora mbili. Na mshahara ni mshahara: una karatasi, una tarehe ya kuanza na ya kuisha, unafanyika siku za kazi, na anayelipwa huchora kwa akaunti ya kazi. Jumamosi haiuzwi. Kampuni ikitaka Jumamosi, ijibiwe kwamba Jumamosi ni ya mtaa.

Mfadhili hupenda kutoa bahasha mwenyewe, ashukuriwe uso kwa uso. Katalieni hapo hata kama kiasi ni kidogo. Mkono unaotoa bahasha ndio ambao vijana wataupigia simu wakitaka kujua kesho wachore wapi.

Hatua ya 6: Mradi wa kulipwa, toka ombi hadi mwisho

Kwa nini tusumbuke na taratibu, kama barabara ni barabara? Kwa sababu kampuni huchora kinachowafaa. Watafiti waliochapisha uchunguzi wao mwaka 2019 waliona kwamba wahariri wa makampuni hushughulika zaidi na mtandao wa barabara. Si dhambi. Lakini bomba la maji, zahanati, mtaro unaofurika mvua za Januari, hivyo hubaki kwetu.

Mwishoni mwa 2018 Foundation ilipitisha mwongozo kuhusu uhariri wa makundi, na kiini chake kinatosha kwa kikundi cha mtaa. Tuseme msafirishaji anataka barabara zote za malori kutoka njia ya Kasumbalesa hadi njia ya Kolwezi. Mwombeni aandike ukurasa wa wazi kwenye wiki ya OpenStreetMap, yaani tovuti yake ya maelezo: lengo, eneo, muda, akaunti zitakazotumika, chanzo cha data, hashtegi moja itakayowekwa kwenye kila mabadiliko, na mtu wa kuulizwa. Kwetu tunaongeza kwamba mtu huyo awe anajibu Kiswahili au Kifaransa, ndani ya siku tatu. Ukurasa ukae siku 14 watu waujadili kabla ya kazi kuanza.

Halafu ndipo tunajadili foleni. Kanuni yetu ni siku kwa siku: kwa kila siku ya kulipwa kwenye barabara zake, anafadhili nauli na mega za siku moja ya kazi tuliyoichagua sisi. Msafirishaji mmoja alicheka akasema ni kodi. Nikamwambia ndiyo. Akakubali, bomba za Katuba zikaingia kwenye ramani kwa njia hiyo.

Utata huja pale mhariri aliye nchi nyingine anapoona kwenye picha njia iliyonyooka, akaiunganisha, wakati sisi tunajua kuna ukuta wa kiwanda katikati, au korongo lililochimbwa na mvua. Kwenye OpenStreetMap aliyefika anamshinda aliyetazama picha, na msiogope kulisema hilo. Andika maoni kwenye mabadiliko yake, kwa adabu, ukiweka tarehe uliyopita hapo na, ikiwezekana, picha yako mwenyewe. Wengi husahihisha mara moja. Akirudia, mwandikie mtu wa kuulizwa. Ikishindikana kabisa, kipo kikundi cha kujitolea cha Foundation kiitwacho Data Working Group, chenye uwezo wa kurudisha mabadiliko na kusimamisha akaunti. Usianze nacho. Na msifute-futeane usiku. Vita vya kufuta humchosha anayelala mapema, na anayelipwa halali mapema.

Hatua ya 7: Visivyochorwa

Katika mji wa madini, ramani si kitu kisicho na ubaya. Mashimo ya wachimbaji wadogo, nyumba zilizojengwa ndani ya eneo ambalo mtu fulani anadai ni lake, mahali wanapojificha wanawake waliokimbia mume mwenye ngumi: kuvichora ni kuwaonyesha wengine pa kwenda. Ombi la kuhesabu nyumba katika eneo lenye mgogoro wa ardhi linaweza kuwa la chanjo, linaweza kuwa la kubomoa. Karatasi ya ombi haitakuambia ni lipi.

Kwa hiyo ombi la namna hiyo halikubaliwi na mwenyekiti kwenye simu. Linapelekwa kwa wakaaji na mkuu wa mtaa, kwenye kikao cha wazi, mwombaji akiwepo. Kisha kamati inaamua kwa kura tano kati ya saba, waliolipwa wakiwa nje. Kuna mwaka tulilikataa moja, tukapoteza simu na mega za miezi sita.

Hatua ya 8: Wape mahali pa kusema

Kampuni isiyo na mahali pa kusema wazi itasema pembeni, kwenye kikombe cha chai na mjumbe mmoja. Foundation ina baraza la ushauri ambamo wafadhili wakubwa hukaa pamoja na matawi ya nchi: wanashauri, hawaamui. Igeni. Mara mbili kwa mwaka inatosha, PV ibandikwe. Lakini kwenye meza hiyohiyo wakae pia mtu wa soko la Kenya (komini ya hapa Lubumbashi, si nchi), mtu wa *zone de santé* (eneo la afya), mwalimu, na mmoja wa mansebas, na hao wawe wengi kuliko kampuni.

Wakitishia kuondoka, msihamaki. Desemba 2022 Amazon, Meta, Microsoft na TomTom walitangaza Overture Maps Foundation, mradi wao wenyewe wa data za ramani, na OpenStreetMap haikufa. Kubwa wanaloweza kukunyima ni simu.

Sisi wa kujitolea tusijipake asali

Nimesema mengi juu ya kampuni. Sasa juu yangu. Nilikaa mwenyekiti miaka mitano kwa sababu hakuna aliyethubutu kuniambia nitoke. Niliweka mikutano saa 12 jioni, saa ambayo mama muuza unga wa soko la Kenya anahesabu mauzo na kutafuta gari la kurudi, kisha nikashangaa kwa nini wanawake hawaji. Nilisahihisha michoro ya wapya kwa ukali hadi wawili wakaacha. Mwenye muda mwingi ana nguvu kama mwenye pesa nyingi, na hakuna daftari la maslahi linaloiandika. Tulihamishia mikutano saa nane mchana, na ukomo wa mihula uliniondoa mimi wa kwanza. Sikufurahi.

Hatua ya 9: Andikeni talaka siku ya harusi

Kila mkataba useme mambo manne kuhusu mwisho: vifaa vinabaki kwa nani, maneno ya siri ya akaunti yanarudishwa kwa nani, nani anamalizia maeneo yaliyochorwa nusu, na taarifa ya siku ngapi inatolewa. Siku 60 ni kiasi kizuri. Vifaa viwe na namba zilizochorwa kwa msumari mgongoni, na daftari la nani amechukua kipi, maana simu bila namba huwa ya mtoto wa mtu kabla ya Krismasi.

Na wale 23? Siku ile hatukupiga kura. Mama wa Katuba aliomba mkutano uahirishwe kwa siku 90 na statuti zirekebishwe kwanza, na kwa bahati kifungu cha kuahirisha kilikuwepo. Tukawaambia wageni kwamba mlango uko wazi: siku 20 za kuchora, kura moja kila mtu. Wengi hawakurudi. Wanne walirudi. Mmoja alichora Ruashi karibu yote akitembea na karatasi, kisha akaacha kazi kwa yule mkandarasi, na leo ndiye mweka hazina wetu. Simu 11 kati ya zile 20 bado zinawaka, na namba 7 iko kwake, kioo kimepasuka.